Je, Wajua? Presha na Ombwe, Kutoka Kariakoo Hadi Vingunguti

Je, wajua kwamba anayekunywa dafu kwa mrija kandokando ya Mtaa wa Msimbazi havuti kitu? Anapunguza hewa mdomoni mwake, basi. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji ya dafu yampandie. Hewa hiyo ina uzito: kila sentimita mraba ya Dar es Salaam, iwe ya lami, ya bati au ya kipara, imebeba karibu kilo moja ya hewa, nasi hatuihisi kwa sababu inatubana pande zote kwa nguvu ileile.

Kwa hiyo kunyonya kuna mwisho. Mtaliano Evangelista Torricelli alilieleza jambo hilo mwaka 1644. Kwenye usawa wa bahari hewa huweza kuinua maji mita 10.3, na hapo ndipo safari inapoishia hata ununue pampu ya bei gani.

Je, wajua kwamba mteja anayeingia duka la pampu Kariakoo na kuuliza "hii hosipawa ngapi?" amelitanguliza swali la pili? La kwanza ni hili: maji yako chini kiasi gani? Pampu ya kukaa juu ya ardhi, iwe ya hosipawa nusu au tatu, itanyonya mita 7 hivi, labda 8 kama mabomba yamefungwa vizuri na valvu ya chini haivuji. Maji yakiwa mita 15 chini, hosipawa 10 hazisaidii kitu. Hapo inatakiwa pampu ya kuzama, ambayo kazi yake ni kusukuma tu, au ile ya jeti yenye mabomba mawili, inayorudisha sehemu ya maji kisimani kwa kasi ili yakayabebe mengine. Muuzaji mwenye utu atakuuliza kina cha kisima kabla hujagusa pochi. Mwingine atakuonyesha pampu kubwa zaidi.

Pampu hiyohiyo ikipakiwa kwenye basi la Nairobi inashuka na upungufu wake. Kule juu hewa ni pungufu, na kikomo cha mita 10.3 kinakuwa 8.4 hivi. Maji yakiwa ya moto, balaa linazidi: kwenye nyuzi 80 mvuke wake peke yake unakula karibu mita 5 za uwezo wa kunyonya. Ndiyo maana viwandani tangi la maji ya boila hupandishwa juu ya pampu yake, maji yaishukie pampu badala ya pampu kuyafuata.

Je, wajua kwamba paa la Soko Kuu la Kariakoo lilichorwa na mtu aliyefikiria maji? Msanifu Beda Amuli aliliezeka kwa miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili mvua ikusanyike katikati na kushuka ndani ya nguzo. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Maji yanayoshuka namna hiyo hayahitaji mota wala umeme, kwani kila mita 10 za kimo zinazaa bar moja ya presha bure. Simtanki lililo juu ya ghorofa ya tatu nalo linaishi kwa hesabu hiyohiyo: mita 10, bar moja. Bafu lililo mita 2 tu chini ya tangi lina bar 0.2, na hapo usimlaumu aliyekuuzia kichwa cha bafu.

Kwenye majengo ya ghorofa 8 na 10 yaliyojaa Kariakoo siku hizi hadithi inageuka. Wa juu analia maji hayana nguvu, wa chini anabadilisha mipira ya koki kila mara kwa kuwa presha imezidi bar 3. Dawa ya wa chini ni valvu ya kupunguza presha, kifaa kidogo chenye springi na ngozi ya mpira, kinachofungwa kwenye bomba la kila ghorofa chache. Wajenzi wengi wanairuka. Haionekani, kwa hiyo haisifiwi.

Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Wengi tuliona picha za zimamoto, lakini je, wajua kwa nini gari la zimamoto lina mipira ya aina mbili? Ule wa kutoa maji ni laini, unakunjika kama kanga kwa kuwa presha ya ndani itaujaza wenyewe. Ule wa kunyonya kutoka bwawani au kisimani ni mgumu na una waya wa kuzunguka ndani yake. Ungekuwa laini, hewa ya nje ingeubana ukafunga njia, na pampu ingebaki inanguruma bila tone.

Na simtanki je? Wajua kwamba linaweza kubonyea kwa sababu ya usafi? Mwenye nyumba anaziba kila tundu la kifuniko ili mbu na vumbi visiingie, kisha pampu inaanza kuyanyonya maji. Maji yanatoka, hewa haiingii. Upungufu wa moja ya kumi ya bar tu, juu ya eneo la mita moja ya mraba, ni sawa na tani moja imekaa juu ya plastiki. Matangi makubwa ya mafuta kule Kurasini yana adui huyohuyo, na yana valvu za kupumua: moja hufunguka presha ikizidi, nyingine hufunguka ombwe likizidi. Tangi la chuma lenye kimo cha ghorofa kadhaa, ukiligeuza kuwa mtungi uliozibwa, huvumilia ombwe dogo ajabu. Kwa simtanki lako tundu lenye wavu linatosha.

Swali la mtego, la kumjaribu fundi bomba: ukitaka kupunguza maji ya pampu, unabana valvu ya kuingilia au ya kutokea? Akisema ya kuingilia, mtafute mwingine. Ukibana upande wa kunyonya, presha ndani ya pampu inashuka mpaka maji yanachemka yakiwa ya baridi vilevile. Viputo vya mvuke vinazaliwa, vinafika upande wa presha, vinapasuka na kuchimba chuma. Utasikia sauti kama pampu inasaga kokoto. Baadaye ukiifungua utakuta panga lake limeliwa na vishimo, na watu watasema maji ya chumvi.

Kubana upande wa kutoka ni salama, ila kuna mbinu ya bei nafuu kuliko zote: bomba nene. Kwa presha ileile, ukitoka bomba la nusu inchi ukaweka la robo tatu, maji yanazidi mara mbili na nusu au zaidi kidogo. Ukiweka la inchi moja, yanafika mara tano au sita. Ukibaki na bomba jembamba na kutaka maji maradufu, utahitaji presha karibu mara nne. Nimeona watu wanabadilisha pampu mara mbili wasibadilishe bomba mara moja.

Je, wajua kwamba bomba la maji safi linaweza kunyonya maji machafu? Maji ya Dar kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu ya mwaka 1959 na Ruvu Chini ya miaka ya 1970, ambayo imepanuliwa baadaye. Husukumwa hadi matangi yaliyo kwenye vilima, Kimara na eneo la Chuo Kikuu cha Ardhi, kisha yanashuka kwa uzito wake. Yakiwa yanashuka kwa wingi, kila tundu kwenye bomba linamwaga nje, hasara tu. Mgawo ukifika, au wapangaji wa mtaa mzima wakifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji, presha inashuka chini ya ile ya nje na matundu yaleyale yanageuka midomo. Kilicho kwenye mtaro jirani kinaingia. Njia ya halali ni kuacha maji yaingie kwenye tangi la chini yenyewe, boya liyafunge yakijaa, halafu pampu inyonye kutoka kwenye tangi lako.

Harufu ya choo kwenye jengo jipya la maduka, wakati kila kitu kinang'aa? Ni ombwe. Chini ya sinki kuna kona ya bomba inayobaki na maji, kimo cha sentimita 5 hivi, kuzuia hewa ya chemba isipande. Ghorofa ya sita wakivuta maji ya choo, maji yanashuka kwa kishindo na kuacha ombwe nyuma yake. Ombwe la sentimita 5 za maji, ambalo hata geji ya fundi haiwezi kulionyesha, linatosha kuyanyonya maji ya kona hiyo yote. Bomba la kupumulia linalotokeza juu ya paa ndilo linaloleta hewa ya kuziba pengo. Likiachwa ili kuokoa pesa, wapangaji wananunua manukato ya kupulizia maisha yao yote.

Twende kwa fundi friji. Tazama kazi yake kwa karibu: mipira mitatu, wa buluu upande wa presha ndogo, mwekundu upande wa presha kubwa, wa njano unaenda kwenye pampu ya ombwe. Anaiwasha, sindano ya geji ya buluu inapita sifuri na kwenda chini hadi karibu na inchi 30 za zebaki. Wengine wakifika hapo wanafunga, wanajaza gesi, wanapokea pesa. Je, wajua kwamba hapo kazi ndiyo kwanza inaanza? Adui ni unyevu uliojificha ndani ya mabomba. Kwa joto la Dar, nyuzi 30, maji yanachemka presha ikishuka chini ya kilopaskali 4.2, na geji ya kawaida haiwezi kutofautisha ombwe la kuchemsha maji na ombwe la kuyamaliza. Sindano inasimama palepale. Wenye geji ya kielektroniki hutafuta mikroni 500, ilhali hewa tunayopumua ni mikroni 760,000.

Baada ya hapo anafunga koki, anazima pampu na kungoja. Ombwe likipungua bila kusimama, kuna tundu. Likipungua kidogo likatulia, ni maji yanayoendelea kugeuka mvuke, arudie. Jaribio hili halina gharama, linataka subira tu, na subira ndiyo adimu kuliko gesi. Likiachwa, unyevu huganda kwenye kapilari, ule mrija mwembamba wa shaba unaopitisha gesi. Friji linagandisha vizuri, linaacha, barafu inayeyuka, linagandisha tena. Mwenye friji anadhani ni umeme.

Kuna mafundi wanaotumia kompresa ya friji kuukuu kama pampu ya ombwe. Kifaa kinafanya kazi na ni cha ujanja, nakipenda. Lakini hakifiki kina kinachotakiwa kwa unyevu. Tena, fundi wa Arusha akilinganisha geji yake na ya Dar atashangaa kwamba yake haifiki 30 kamwe, hata pampu iwe mpya, kwa sababu hewa ya kwao ina presha pungufu tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba gari la kunyonya majitaka halinyonyi majitaka? Pampu yake haigusi uchafu hata kidogo, la sivyo ingekufa siku hiyohiyo. Inatoa hewa ndani ya tangi. Tangi likishakuwa na ombwe, dereva anafungua koki, na hewa iliyo juu ya shimo la choo inausukuma uchafu uingie mpirani. Ndani ya tangi, juu kabisa, kuna boya: uchafu ukipanda sana, boya linaziba njia ya kwenda kwenye pampu. Pembeni kuna valvu ya usalama inayoruhusu hewa kuingia ombwe likizidi kiwango. Na kuna koki ya kugeuza njia: ukiizungusha, pampu ileile inasukuma hewa ndani na tangi linatapika mzigo wake kwenye mabwawa ya Vingunguti.

Uchafu mzito hauendi mita 10, hata 5 ni shida. Wazoefu wana mbinu. Ukitazama, kijana anayeshika mpira hauzamishi akauacha. Anauinua kidogo juu ya uchafu, mpira unavuta hewa na kulia kwa mlio wa pumzi, anauzamisha tena, anauinua tena. Vipande vya uchafu vinasafiri vikitenganishwa na hewa, na hewa inayokimbia inavibeba juu kuliko ombwe tupu lingeweza. Kudhibiti ombwe kwa kuingiza hewa kidogo kidogo, ndiyo kanuni yenyewe ya kiwandani, na inafanyika vichochoroni kila siku bila cheti.

Hapa pana historia yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, shirika la WASTE la Uholanzi na idara ya majitaka ya jiji walijaribu Dar es Salaam mtambo uitwao MAPET. Magari ya majitaka yalikuwa hayaingii vichochoroni, na waliozoea kuzibua vyoo kwa mikono, tunaowaita vyura, walikuwa wanashuka shimoni wenyewe. MAPET ilikuwa mikokoteni miwili: mmoja wenye pampu ya mkono na gurudumu zito la kuzungusha, mwingine wenye tangi la lita 200. Mtu anazungusha, hewa inatoka tangini, uchafu unapanda. Uwezo wake ulikuwa kama mita 3 za kina. Mtambo haukudumu, vipuri vikiwa moja ya sababu. Bado nauona kama mojawapo ya vitu vya maana vilivyowahi kuundwa kwa ajili ya jiji hili.

Ukivuka Upanga hadi kwenye wodi za hospitali kubwa, utakuta ombwe linalodhibitiwa na maji ya chupa. Mgonjwa mwenye hewa au usaha kuzunguka pafu anawekewa mrija kifuani. Mashine ya kunyonya inaweza kufikisha milimita 600 za zebaki, kiwango cha kuumiza pafu. Kifua kinataka 15 hivi. Je, wajua kinachopunguza? Mrija wa kioo uliozama sentimita 20 ndani ya chupa ya maji, ncha yake ya juu wazi. Ombwe likizidi sentimita 20 za maji, hewa ya chumba inapita kwenye mrija huo na kutoa mapovu. Ongeza mashine nguvu, mapovu yanaongezeka, ombwe la kifuani halibadiliki. Anayetaka kupunguza anamwaga maji, haigusi mashine. Watoto njiti wanaosaidiwa kupumua kwa mapovu wanatumia hila hiyohiyo upande wa pili: mrija wa kutolea pumzi unazamishwa sentimita 5 au zaidi kidogo, na kina hicho ndicho presha yao.

Sukari ya mfuko wa kilo 50 iliyopangwa mlangoni mwa duka la jumla, iwe ya Kilombero au ya Mtibwa, imechemshwa kwenye ombwe. Juisi ya miwa ikipikwa kwenye hewa ya kawaida inaungua na kuwa kahawia. Mwingereza Edward Charles Howard alipata hataza ya sufuria ya ombwe mwaka 1813, na tangu hapo chembe za sukari hukuzwa kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi. Norbert Rillieux wa New Orleans, mtu mwenye asili ya Afrika, alisonga mbele mwaka 1843: mvuke wa sufuria ya kwanza unachemsha ya pili, wa ya pili unachemsha ya tatu, kila moja ikiwa na ombwe kubwa kuliko iliyotangulia. Kuni za sufuria moja zikapikia tatu.

Ukipita kiwanda cha sukari utaona bomba limesimama wima, refu zaidi ya mita 10, mguu wake umezama kwenye kisima. Juu yake mvuke unapoozwa kwa maji na kuwa maji. Hayo maji yanatoka vipi bila hewa kuingia? Yanashuka kwenye mguu huo, na kwa kuwa hewa ya nje haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10.3, mguu unajifunga wenyewe. Torricelli huyohuyo, sasa analinda sukari.

Na bia? Kiwanda cha bia cha Mtaa wa Uhuru, Mchikichini, hakiko mbali na Soko la Kariakoo. Kwenye mashine za kujazia chupa za bia, chupa tupu kwanza hutolewa hewa, kisha hujazwa gesi ya kaboni dioksidi mpaka presha yake ilingane na ya tangi. Hapo tu ndipo valvu ya bia inafunguka, na bia inashuka taratibu kwa uzito wake bila povu. Mwisho presha inaachiwa polepole. Iachie ghafla, nusu chupa iko sakafuni.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 una presha ya bar kadhaa. Jiko linataka karibu moja ya thelathini ya bar, yaani sentimita 30 hivi za maji. Regyuleta ndiyo mpatanishi. Ina tundu dogo juu linaloipa ngozi ya ndani hewa ya kupima nayo, kwa hiyo usilizibe kwa rangi wala gundi. Na mama lishe anayelalamika moto unafifia mchana wakati mtungi bado mzito hajaibiwa. Jiko lake kubwa linavuta gesi kwa kasi, mtungi unapoa mpaka unatoa jasho, presha inashuka. Mitungi miwili iliyounganishwa hulimaliza tatizo. Bajaji za gesi asilia zina ugomvi wa aina hiyo uliokuzwa: mtungi wao una bar 200, na gesi ikishushwa presha ghafla inapoa kiasi cha kugandisha regyuleta, ndiyo maana kwenye magari maji ya moto ya injini hupitishwa humo.

Ukifunga koki kwa ghafla na kusikia bomba linagonga ukutani, umesikia kipigo ambacho Mrusi Nikolai Zhukovsky alikipigia hesabu mwaka 1898. Kwenye bomba la chuma, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo huzaa karibu bar 12 za ziada.

La mwisho kwa leo: presha ya hewa ya Dar ina kupwa na kujaa kwake. Hupanda kilele saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kwa tofauti ya hektopaskali 3 hivi, kwa sababu jua hupasha anga joto kila siku. Tofauti hiyo ni kama sentimita 3 za maji. Kwa pampu ya kisima si kitu. Kwa fundi anayepima ombwe kwa geji inayolinganisha na hewa ya nje, ni hektopaskali 3 za kosa, ilhali mikroni 500 anazozitafuta hazifiki hata hektopaskali moja.